Nani Ameupakia Upya Ukurasa Wangu?

Katika bureautique yangu, duka la kompyuta na fotokopi mtaani Himbi, Goma, si mbali na chuo cha ULPGL, malalamiko ninayoyasikia zaidi hayahusu bei ya fotokopi, wala hata umeme. Ni haya: "Papa, imejifuta yote!" Anayesema hivyo alikuwa kwenye fomu ya kuomba kazi. Ameshajaza shule ya msingi, sekondari na chuo, ameweka majina ya watu watatu wa kumshuhudia, na amefika pale wanapotaka aeleze kwa maneno 300 kwa nini anaifaa kazi hiyo. Ghafla ukurasa ukapepesa, ukajipakia upya, ukarudi mtupu.

Wengi huamini kwamba ni rezo tu, yaani mtandao, kwa kuwa mjini Goma kila lisiloeleweka husingiziwa rezo. Lakini mara nyingi rezo haina hatia. Ukurasa uliotoweka mbele ya macho yako una aliyeuondoa, na washukiwa wakubwa ni watano: mwenye tovuti, skripti iliyomo ndani ya ukurasa, kivinjari chako, kidole chako mwenyewe, au seva iliyochoka kukungoja. Kila mmoja ana dawa yake, na dawa ya huyu haimponyi yule. Ndiyo maana kabla sijagusa kitu humuuliza mteja maswali. Ulikuwa unaandika, au ulitoka kidogo ukarudi? Inajirudia kila baada ya muda ule ule? Imekuomba nenosiri tena? Ulikuwa kwenye simu au kwenye mashine, yaani kompyuta? Akinijibu manne hayo, kwa kawaida mhusika ameshajulikana.

Mega zinazokwenda bila kuaga

Anayeishi penye intaneti isiyopimwa anaweza kuliona jambo hili kuwa kero ndogo. Sisi tunanunua mega kidogo kidogo, kwa siku au kwa wiki, na tunazihesabu. Chukua ukurasa wa habari wenye uzito wa mega moja, unaojipakia kila baada ya sekunde 30. Hiyo ni mara 120 kwa saa. Ukiuacha wazi ukaenda kula, unaweza kurudi ukakuta mega 120 zimekwenda na wewe hujasoma mstari. Ukijipakia kila dakika 5, ni mara 12 kwa saa. Ni kweli kwamba kivinjari hutunza picha na vipande vingine ili kisivivute tena, kwa hiyo hesabu halisi huwa chini ya hapo. Lakini matangazo huja mapya kila mara, na hapo ndipo penye siri: kwa tovuti inayoishi kwa matangazo, kila upakiaji ni nafasi nyingine ya kuonyesha tangazo. Anayelipia mega ni wewe.

Mshukiwa wa kwanza: amri ya saa

Njia ya zamani kuliko zote ya kuufanya ukurasa ujipakie ni mstari mmoja ulioandikwa na mwenye tovuti ndani ya ukurasa wake, unaokiambia kivinjari: baada ya sekunde kadhaa, lete upya. Kampuni ya Netscape ndiyo iliyoleta mtindo huo mwaka 1995, wakati kurasa zilikuwa hazina njia nyingine rahisi ya kujua kama kuna jambo jipya. Kwa matokeo ya mpira au bei za soko ilikuwa akili nzuri.

Kasoro yake ni kwamba amri hiyo haimtazami aliye mbele ya ukurasa. Ni sawa na mwalimu anayefuta ubao kila dakika tano bila kugeuka kuona kama wanafunzi wamemaliza kunakili. Uwe umefika katikati ya makala, uwe umechagua sentensi unayotaka kuinakili, uwe umeandika nusu ya jina lako, saa ikifika ukurasa unaondoka.

Huyu hutambulika kwa urahisi, kwa kuwa ana nidhamu. Ukiona ukurasa unapepesa kwa vipindi vilivyo sawa, hata usipougusa, mshuku yeye. Kwenye mashine, dawa yake bora iko ndani ya Firefox. Andika about:config pale juu panapoandikwa anwani, ukubali onyo utakalopewa, kisha tafuta accessibility.blockautorefresh na uigeuze iwe true. Kuanzia hapo, ukurasa wa namna hiyo ukitaka kujipakia, Firefox itauzuia na kukuonyesha utepe juu wenye kitufe cha kuruhusu. Ukitaka, unabonyeza. Usipotaka, unaendelea kusoma. Chrome haina kitufe cha namna hiyo kwenye mipangilio yake ya kawaida. Lazima uongeze programu-jalizi, na mimi huwaonya vijana wasipakue kila programu-jalizi wanayokutana nayo, kwa maana nyingine huomba ruhusa ya kusoma kila ukurasa unaoufungua.

Usijidanganye kwamba kuzima data kutaunusuru ukurasa huo. Saa yake inaendelea kuhesabu ndani ya kivinjari. Ikifika, kivinjari kitajaribu kuuleta upya, kitakosa mtandao, na badala ya makala yako utaonyeshwa tangazo la kukosa intaneti.

Mshukiwa wa pili: skripti

Siku hizi tovuti nyingi hazitumii tena mstari ule wa 1995. Hutumia skripti, programu ndogo inayofanya kazi ndani ya ukurasa huku wewe ukisoma. Microsoft ndiyo iliyofungua mlango huo mwaka 1999, ilipoweka ndani ya Internet Explorer 5 uwezo wa kuzungumza na seva kimyakimya bila kuuondoa ukurasa mzima. Kwa ufundi huo Gmail inaweza kukuonyesha barua mpya na kuhifadhi rasimu yako bila kukusumbua. Kumbe ufundi wenyewe si adui. Mwenye tovuti anayeutumia kuupakia ukurasa wote upya, au kusukuma mistari mipya juu ya ule unaousoma, ndiye anayetuudhi.

Ile dawa ya Firefox niliyoitaja haimgusi huyu. Kama kazi yako ni kusoma tu, kuna njia tatu. Ya kwanza ni hali ya kusoma: kwenye Firefox, makala nyingi huleta alama ndogo ya karatasi kando ya anwani. Ukiibonyeza unabaki na maandishi matupu, bila matangazo wala skripti za ukurasa. Ya pili ni kuuhifadhi ukurasa kuwa PDF: bonyeza Ctrl na P kwa pamoja, kisha badala ya printa uchague kuhifadhi PDF. Wanafunzi wanaoandika kazi za mwisho wa masomo nawahimiza watumie njia hii, kwa sababu PDF haijipakii, haili mega, na inasomeka hata umeme wa kisanduku cha intaneti ukikatika. Ya tatu ni kuizuia JavaScript kwa tovuti hiyo moja, kupitia alama iliyo kushoto mwa anwani kwenye Chrome. Lakini tahadhari: fomu nyingi haziendi bila JavaScript. Itumie kwa tovuti za kusoma, usiitumie kwa tovuti za kujaza.

Mshukiwa wa tatu: kivinjari kinachobana memori

Huyu ndiye anayewaliza wateja wangu wengi, na ndiye wasiyemshuku kamwe. Simu nyingi hapa Goma ni za bei nafuu, Tecno, Itel, Infinix, na memori ya kazi ya baadhi yake ni ndogo sana. Unajaza fomu kwenye Chrome. Fomu inasema imekutumia namba ya siri kwa ujumbe. Unatoka kwenda kuusoma, njiani WhatsApp inalia, unamjibu shangazi, sauti moja, picha mbili. Kumbe wakati huo simu imeishiwa nafasi, na kwa kuwa Chrome iko nyuma ya pazia, ukurasa wako umetupwa ili WhatsApp ipumue. Ukirudi, Chrome inauleta upya kutoka kwenye seva. Pengine maneno yako yatarudi, pengine hayatarudi. Hakuna aliyeandika amri ya kujipakia, na mwenye tovuti hajui lolote.

Dada mmoja wa chuo alinibishia kabisa. "Papa, mimi sikugusa kitu, nilienda tu WhatsApp." Ndiyo, binti yangu, safari hiyo ndiyo iliyoufukuza ukurasa.

Dawa zake ni za mwenendo. Kabla ya kuanza fomu, funga programu nyingine na vichupo vya zamani. Nimeona simu zenye vichupo vingi hadi Chrome imeacha kuvihesabu na kuweka alama ya uso unaocheka. Namba ya siri ikija, usitoke. Vuta pazia la arifa kutoka juu ya kioo, uisome hapo hapo, urudi kuandika. Ikiwa simu yako ina Android 7 iliyotoka 2016 au mpya zaidi, jaribu kukigawa kioo sehemu mbili, kivinjari juu na ujumbe chini, ili kivinjari kisirudi nyuma. Simu dhaifu kabisa hazina uwezo huo, na mwenye simu ya namna hiyo namwambia ukweli: fomu ndefu njoo uijazie kwenye mashine, au azima simu ya kaka yako.

Hata kwenye mashine jambo hili limeingia. Mwishoni mwa 2022 Chrome ilianza kuvilaza vichupo usivyovitumia ili kuokoa memori, na ukirudi kwenye kichupo kilicholala kinajipakia upya. Nenda Paramètres, kisha Performances. Utakuta pa kuzima uokoaji huo, na pia pa kuorodhesha tovuti ambazo hutaki zilazwe. Tovuti yako ya kazi iweke hapo.

Mshukiwa wa nne: kidole

Tendo la kuvuta ukurasa kwenda chini ili ujipakie lilibuniwa na Mmarekani Loren Brichter kwa ajili ya Tweetie, programu yake ya kusomea Twitter, ambayo kampuni ya Twitter yenyewe iliinunua mwaka 2010. Lilipendwa likaenea kila mahali, hadi ndani ya vivinjari vya simu. Kwa orodha ya habari linafaa. Kwa fomu ni hatari. Unataka kupanda juu kidogo uangalie kama umeandika jina sawasawa, kidole kinavuta zaidi ya mwisho wa ukurasa, kiduara kinazunguka, kazi imekwenda.

Kwenye Firefox ya Android unaweza kulizima tendo hilo ndani ya mipangilio, sehemu ya ishara za vidole. Kwenye Chrome, jifunze kupanda polepole, na ukikiona kiduara kinatokea kabla hujaachia, rudisha kidole juu bila kukinyanyua. Kitajificha.

Mshukiwa wa tano: seva iliyochoka kungoja

Wakati mwingine ukurasa haupepesi kabisa. Unaandika kwa raha, unabonyeza kutuma, na unajibiwa kwamba uingie upya. Hapo seva imekifunga kikao chako kwa sababu ilikuona umenyamaza mno. Haioni kwamba unaandika. Inaona tu kwamba muda mrefu umepita bila kuombwa kitu. Tovuti nyingine hufunga pia ukibadilisha laini, kwa kuwa anwani yako ya intaneti imebadilika ghafla. Sisi wa mpakani, wenye laini ya Kongo na ya Rwanda ndani ya simu moja, tusihame laini katikati ya fomu.

Mfano unaojulikana ni DS-160, fomu ya viza ya Marekani. Ukikaa dakika 20 bila kuendelea, kikao kinafungwa. Ndiyo maana mwanzoni kabisa inakupa namba ya maombi, na mwenye namba hiyo anaweza kurudi alipoishia. Mimi huiandika kwenye karatasi kabla hata mteja hajataja jina lake. Ile ya bahati nasibu ya viza, tunayoiita loterie, ilikuwa kali zaidi: ulipewa dakika 60 tangu kuifungua, na ukichelewa kila ulichoandika kilitupwa. Miaka yote niliyoijazia watu, kazi kubwa ilifanyika kabla ya kuifungua. Picha zimeshapunguzwa kwa vipimo vyao, tarehe za kuzaliwa za watoto zimeshaandikwa, tahajia ya majina imeshalinganishwa na pasipoti.

Andika nje, bandika ndani

Kutokana na yote hayo nina kanuni moja kwa kila anayeketi kwenye mashine zangu, hata akiwa hana habari na washukiwa watano. Maandishi yoyote yanayozidi mistari miwili hayaandikwi kwenye fomu. Yanaandikwa kwanza kwenye Word au Notepad, yanahifadhiwa, kisha yananakiliwa na kubandikwa. Mwenye simu ayaandike kwenye ujumbe wa WhatsApp anaojitumia mwenyewe. Ukurasa ukijifuta mara kumi, utapoteza dakika ya kubandika, hutapoteza mawazo yako. Barua ya maombi iliyoandikwa upya kwa hasira haijawahi kuwa nzuri kuliko ile ya kwanza.

Kwa kanuni hiyo huna sababu ya kuogopa ukurasa kupakiwa upya, isipokuwa mmoja, ukurasa wa malipo. Huo usiupakie upya kwa mkono hata ukionekana umekwama. Kivinjari kikikuuliza kama unataka kutuma fomu tena, kataa, kwa kuwa ukikubali unaweza kulipa mara mbili. Angalia kwanza ujumbe wa simu au salio lako, halafu ndipo uamue.

Pale kujipakia kunapotakiwa

Nisieleweke kwamba kila ukurasa unyamaze. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 volkano yetu ya Nyiragongo ilipopasuka, na siku tano baadaye gavana wa kijeshi Constant Ndima alipoamuru mitaa 10 ya mji ihame, hakuna aliyetaka ukurasa wa jana. Tulikuwa njiani kuelekea Sake, watu wamenizunguka, nami nasoma habari za Kifaransa kwenye simu na kuwageuzia kwa Kiswahili. Tulitaka jipya. Lakini ukurasa mmoja ulikuwa unaruka kila mara, na kila uliporuka niliipoteza sentensi kabla sijaimaliza, na mama aliyeketi karibu nami anauliza, "Wamesema mtaa gani, papa?" Habari ilikuwepo, ila ukurasa haukutupa nafasi ya kuisoma hadi mwisho.

Dawa ya hilo ipo, na tovuti kadhaa kubwa zinaitumia. Habari mpya ikija, unaonyeshwa kibao kidogo kinachosema kuna mistari mipya, na mistari yenyewe inangoja hadi ubonyeze. Wanaotunga kanuni za ufikivu wa wavuti, shirika la W3C, walilisema jambo hili zamani. Toleo lao la 1999 liliwataka waundaji wasitengeneze kurasa zinazojipakia zenyewe mradi msomaji hana njia ya kuzizuia. Toleo la 2008 likaongeza kwamba penye kikomo cha muda msomaji aweze kukizima au kukirefusha, au aonywe kabla, apewe angalau sekunde 20 za kuomba nyongeza kwa tendo jepesi, kama kubonyeza kitufe kimoja. Waliwafikiria hasa watu wasioona, wanaosomewa ukurasa kwa sauti na kompyuta. Ukurasa ukijipakia, sauti hurudi kwenye mstari wa kwanza, na msikilizaji huanza safari upya. Waliwafikiria pia wanaosoma polepole, na wanaoandika kwa shida. Kanuni iliyowalinda hao inamfaa na mwenye simu dhaifu wa mtaa wa Ndosho hapa Goma.

Kwa hiyo nawageukia vijana wanaosomea kompyuta ISIG na vyuo vingine vya hapa, wale wanaojenga tovuti za shule, za makanisa, za vyama vya wakulima wa kahawa. Uwezo wa kuhifadhi rasimu kila baada ya muda mfupi mnao. Uwezo wa kumwonya mtu kabla ukurasa haujaondoka mnao. Tangu 2017 Chrome inakubali mstari mmoja wa mtindo unaozima kule kuvuta kwa kidole kwenye ukurasa wenu. Basi mkimaliza kujenga fomu, msiijaribu kwenye mashine zenu nzuri. Ipelekeni kwenye simu ya bei nafuu, kwa mega za kununua, mkononi mwa mama anayeandika kwa kidole kimoja, na mwacheni apokee simu mbili za wanawe katikati. Akifika mwisho bila kurudishwa mwanzo hata mara moja, hapo semeni kazi imekwisha.